Hakuna Mtu, Tuendelee

4 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimekupigia simu wiki nzima mpaka nimechoka. Inaita, inaita, halafu basi. Siku moja alipokea mhudumu wa nyumba yenu ya mapadri wazee, akaniambia, "Padri amesema umwandikie, siku hizi anapenda barua." Tangu lini? Si wewe uliyesema barua ni kazi ya wachumba na wadai? Haya, nakuandikia. Tangu Baba afariki umebaki wewe tu ninayeweza kumgombeza, na sitaki kuipoteza nafasi hiyo kwa sababu ya simu.

Nina shida ya kazini, na mmeileta ninyi mapadri Wajesuiti. Chuo kilitukusanya wahadhiri wote ukumbini, kikatuletea mwezeshaji wa kutufundisha kufundisha. Mkuu wa chuo akasema shirika lenu ndilo lililoasisi chuo hiki, kwa hiyo kuanzia muhula huu kila somo litafundishwa kwa misingi yenu. Hata hesabu. Hata somo langu la uimara wa majengo! Mwezeshaji akaandika ubaoni, "Kumjali mtu mzima." Mwenzangu wa idara ya umeme akauliza kama hawa watoto wa mwaka wa kwanza nao wamo. Sote tulicheka, mwezeshaji hakucheka.

Sasa niambie wewe uliyeifanya kazi hii mpaka ukazeeka nayo. Nguzo ikibebeshwa mzigo uliozidi uwezo wake itapinda tu, iwe imetafakari au haijatafakari. Nitaingizia wapi hiyo tafakari yenu? Nilichopanga ni kufundisha muhula mzima kwa mfano mmoja wa kweli, lile ghorofa la viwanda vidogo nyuma ya soko, lililoanguka miaka ile. Ninazo picha na vipimo vyake. Tutalipekua darasani kipande kwa kipande mpaka tujue lilianza kuanguka wapi. Hilo linatosha, au ni lazima niwashe na mshumaa?

Mwanao,
Rula

*

12 Februari

Rula,

Marahaba, mwanangu. Simu nimeitupa kabatini, imelala na soksi. Usiniulize tena habari zake. Barua haikati hewani, na mwandiko wako bado umenyooka kama ulipokuwa ukichora mistari kwenye ukuta wa sebule yetu, ukachapwa, ukachora tena. Ndiyo maana jina hilo halitakutoka.

Mwezeshaji wenu amewapa maneno makubwa mno. Mimi nilifundisha fizikia kwa ngazi tano tu, na bibi yako alizitumia jikoni bila kuhudhuria semina yoyote. Kwanza, mjue unayemfundisha: ametoka wapi, amelala wapi, amebeba nini kifuani. Pili, mwingize ndani ya jambo lenyewe, asilisikie kwa mbali. Tatu, mpe nafasi ya kulitafakari. Nne, afanye kitu. Tano, pima alichofanya, na wewe ujipime. Usiruke ngazi. Nakujua, wewe ni mtu wa kuruka.

Hilo jengo ni mfano mzuri, lakini vipimo peke yake havitoshi. Waweke vijana mle ndani. Wajiulize waliokuwemo waliona nini, walinusa nini, walisikia nini. Halafu kila kipindi kikiisha, nyamazeni kwa dakika chache. Mshumaa wa nini? Kila mmoja ajiulize: leo nimeona nini, nimekwama wapi, nifanye nini na hiki nilichokiona? Mtakatifu Inyasi, mwasisi wetu, aliwataka wafuasi wake wajipitie hivyo kila siku. Mwanzoni vijana watacheka na kukohoa. Vumilia. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ila anza na ya kwanza. Narudia kwa sababu barua yako imeeleza jengo lote, na hakuna hata mwanafunzi mmoja ndani yake.

Baba yako mdogo,
mkazi wa chumba cha mwisho

*

26 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimejaribu, na nakiri kwamba ninyi watu mna akili. Ile siku ya kwanza niliwaambia wafumbe macho wajiweke ghorofa ya tatu, mchana, mashine zinaunguruma, vumbi la dari linaanza kudondoka kwenye kazi mezani. Hawa vijana ambao hawawezi kukaa bila kugusa simu walitulia wote. Tulipohesabu mizigo ya nguzo baadaye, hakuna aliyekosea kizembe. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, leo hesabu zina watu ndani." Nilienda ofisini nikitabasamu peke yangu.

Ngazi ya kwanza nimeiruka, usinigombeze. Wamejaa mpaka wengine wanakaa madirishani. Nitawajuaje mmoja mmoja? Hizo nyingine nne nimezikanyaga zote.

Sasa kuna jambo. Tunatumia ukumbi wa zamani, ule wenye viti vilivyochongwa majina ya watu ambao sasa wana wajukuu. Ukuta wa nyuma umefunikwa mbao toka chini hadi juu. Kile kimya cha mwisho kinapoanza, kuna anayegonga. Ngo, ngo. Kinapita kitambo. Ngo. Mlio unatoka kule nyuma, na kule nyuma anakaa kijana mmoja wa mwaka wa mwisho ambaye wenzake wanamwita Sikio, kwa kuwa huegemeza kichwa ukutani na kutega kama mtu anayesikiliza majirani. Hasemi na mtu. Kazi zake ni safi kuliko za darasa zima, na ndiyo maana inaniudhi zaidi. Nadhani anagonga kwa kidole chini ya meza ili anichezee. Nikimtazama, na yeye ananitazama moja kwa moja, uso umemkauka, mpaka mimi ndiye ninayeinamisha macho.

Nimfanye nini?

Rula

*

6 Machi

Rula,

Marahaba. Mwache. Kelele za darasani ni mbwa wa jirani, ukimjibu umempa kazi. Usimtazame, usimkemee. Ongeza kimya kidogo, kelele itakufa yenyewe kwa kukosa msikilizaji. Nilifundisha wavulana waliolia kama paka, kama jogoo, na mmoja aliyelia kama mimi mwenyewe. Wote niliwapuuza na wote walifaulu.

Hata huku kwetu yapo. Kuna anayebisha mlangoni kwangu mchana kweupe, na habishi kwa mkono. Anabisha kwa funguo, kama alivyokuwa akibisha marehemu baba yako. Mwanzoni nilikuwa nikiinuka kufungua. Nakuta ukumbi mtupu na harufu ya dawa ya sakafu. Sasa siinuki. Unaona? Nimepuuza, na bado nakula na kulala.

Baba yako mdogo

*

15 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Nilifanya ulivyosema. Jana niliongeza kimya. Kwenye pazia la projekta nilikuwa nimeacha picha ya lile jengo, ile ya baada ya kuanguka, sakafu za zege zimelaliana na watu wamesimama juu yake. Mlio ukaanza. Ngo, ngo. Sikutazama nyuma. Ngo. Mara Sikio akasimama. Muhula mzima sijamsikia akitoa neno, na sauti yake ilikuwa ya kitoto kuliko nilivyodhani. Akasema, "Mwalimu, kuna mtu anagonga."

Darasa likaangua kicheko. Na mimi, kwa hasira, kwa sababu kimya changu kizuri kilikuwa kimevunjika, nikasema, "Hakuna mtu. Tuendelee."

Baba Mdogo, sijawahi kuona uso wa mtu ukiondoka hivyo huku mwenyewe amesimama. Alichukua mkoba wake akatoka. Hakubamiza mlango, aliurudisha polepole, nasi tukasikia kitasa kikijifunga. Na kabla hatujainuka, ule ukuta ukagonga tena. Ngo. Sikio hayumo ukumbini, kiti chake kitupu, na ukuta unagonga. Wasichana wa safu ya nyuma walihama viti.

Kwa hiyo hakuwa yeye. Nimemdhania ubaya mtoto wa watu, nikamfanya kichekesho mbele ya wenzake. Ofisi ya usajili inasema asubuhi hii ameomba kuacha chuo. Mwezi ujao ukiisha bila yeye kurudi, jina linafutwa. Amebakiza muhula mmoja, Baba Mdogo. Mmoja! Mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha anaondoka kwa sababu yangu, na sijui hata nilichomfanyia ni nini.

Barua yako nayo imenitia hofu. Nani anakubishia mlangoni? Unaumwa?

Rula

*

21 Machi

Rula,

Mimi siumwi. Hayo tuyaache.

Unaniuliza mimi alichofanyiwa huyo kijana. Umemuuliza yeye alisikia nini?

B. M.

*

25 Machi

Ndugu mwanafunzi wangu,

Nimepewa anwani hii na ofisi ya usajili, nikaambiwa uko kwa shangazi yako. Sikuandikii kukulazimisha urudi. Naandika kuomba radhi kwa kicheko kile na kwa maneno yangu. Baada ya wewe kutoka, ukuta uligonga tena, na darasa zima lilisikia. Ulikuwa ukisema kweli.

Nina swali moja tu, ambalo ilinipasa kuliuliza siku ileile. Ulisikia nini?

Mwalimu wako wa uimara wa majengo

*

2 Aprili

Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako aliipokea shangazi. Aliniwekea juu ya sahani yangu ya chakula ili nisiweze kula bila kuisoma. Ndivyo alivyo.

Umeuliza nilisikia nini. Nitakuambia yote, halafu hutakuwa na haja ya kuniandikia tena.

Lile jengo la kwenye picha zako, dada yangu alikuwa ndani. Alishona sare za shule ghorofa ya tatu. Baada ya wazazi wetu kufariki yeye ndiye aliyenilea, pamoja na shangazi. Mchana nilikuwa nampelekea chakula. Akiniona nimefika chini alikuwa anagonga kioo cha dirisha kwa ile pete ya chuma ya kushonea, vishindo viwili vya haraka na kimoja cha kuchelewa, maana yake nisipande, anashuka. Siku hiyo nilichelewa kwa sababu ya mpira. Nilipofika hapakuwa na dirisha.

Labda hujawahi kuona uokoaji kwa macho. Msimamizi alikuwa mhandisi, ana kofia nyeupe. Akiinua mkono juu, wote wananyamaza. Mashine zinazimwa, wanaolia wanazibwa midomo, hata wauza maji wanatulia, ili wasikilize kama kuna aliye hai chini. Kile kimya, Mwalimu, sijawahi kukisikia tena mahali popote, mpaka nilipoingia kwenye darasa lako.

Nilijipenyeza kati ya miguu ya watu nikalala juu ya zege, sikio chini. Nikasikia. Viwili vya haraka na kimoja cha kuchelewa. Nilipiga kelele, "Dada anagonga!" Yule mhandisi akainua mkono, watu wakanyamaza tena. Alisikiliza. Nadhani alisikiliza kweli, simsingizii. Halafu akanitazama, akashusha mkono, akasema, "Hakuna mtu. Tuendelee." Tingatinga likawashwa.

Walimtoa kesho yake. Shangazi alinikataza kumwona. Sijawahi kuuliza kama alikufa palepale au baadaye, kwa sababu wakinijibu sijui nitaliweka wapi jibu hilo.

Nilikuja kusomea uhandisi ili siku moja niwe mimi ninayeinua mkono. Hiyo ndiyo sababu yote. Nilipoona umelichagua jengo lile nilikasirika, kisha nikasema afadhali, labda humu nitajua. Nikavumilia ulipotuambia tufumbe macho tujiweke ghorofa ya tatu. Wenzangu walikuwa wanajiweka. Mimi nilikuwa namtafuta dada mezani kwake, na vumbi linadondoka, na siwezi kumwambia ashuke.

Sina wazimu. Nilijua kule ukutani si yeye. Lakini kitu kiligonga, na wewe ukasema hakuna. Ulisema maneno yaleyale, na kwa sauti ileile ya mtu mwenye kazi zake. Nikaona basi, kumbe ndivyo kazi hii inavyowafanya watu, na nikiendelea itanifanya hivyo na mimi.

Mwanafunzi wako wa zamani

*

6 Aprili

Mwanafunzi wangu (wa sasa),

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sitajaribu kukufariji. Pole ndiyo niliyonayo, na nimekupa yote.

Baba yangu mdogo ni padri na mwalimu. Aliniambia nianze kwa kumjua ninayemfundisha kabla ya kumwingiza popote, na akalirudia. Mimi nikaona mko wengi mno. Nikakuingiza kwenye nyumba uliyofiwa, nikakufungia mlango, nikaona nimefundisha vizuri.

Jumamosi asubuhi nilikwenda peke yangu kwenye ukumbi ule, nikakaa kwenye kiti chako, nikaegemeza kichwa ukutani. Nimesikia na mimi. Niliogopa, nakuambia ukweli, na nilikuwa tayari kuanza kusali. Lakini sikutafuta. Kutafuta tutafanya pamoja.

Jumatatu ya wiki ijayo, kipindi cha kawaida. Picha zile nimeziondoa. Nitakuwa na bisibisi na tochi, na sitaanza bila wewe. Usipokuja nitakaa na darasa zima kimya mpaka kengele.

Mwalimu wako

*

8 Aprili

Kwa Dada Mhadhiri,

Salamu kutoka nyumba ya mapadri wazee. Mimi ndiye mhudumu wa zamu ya mchana, tuliwahi kuongea kwenye simu. Najua nitagombezwa, lakini siwezi kunyamaza tena.

Padri, baba yako mdogo, ameanguka na amevunjika mguu. Nilikuwa nimepiga deki, nikamwambia kwa sauti, "Padri, sakafu imelowa!" Akapita tu. Hakunisikia. Ukweli ni kwamba hasikii kabisa tangu mwaka jana. Anasoma midomo kidogo, kwingine anakisia. Ndiyo maana simu hapokei. Alituapisha wote usijue, anasema utakuja kumhamishia kwako na utamtungia ratiba.

Jingine ni hili. Mchana anakaa akitazama mlango. Ananiuliza, "Umesikia funguo?" Mimi namwambia, "Hakuna mtu, Padri, pumzika." Nikimwambia hivyo anageukia ukutani na hali chakula. Daktari anasema masikio yakifa hubaki na sauti zake yenyewe. Mimi sijui. Naona nikuarifu tu.

Mhudumu

*

20 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mhudumu ameniandikia kila kitu. Usimguse. Ugomvi wako na mimi upo na utasikilizwa, yaani utasomwa, ila kwanza nataka ujue mambo ya Jumatatu. Barua aliyoniandikia Sikio kuhusu dada yake nimekunakilia, imo humu, isome kwanza.

Alikuja. Nilikuwa nimeshakata tamaa, tumekaa kimya tangu mwanzo wa kipindi na vijana wanatazamana. Mlango ukafunguliwa polepole, akasimama pale na mkoba kifuani, haingii, hatoki. Nikawaambia wote, "Siku ile mwenzenu alisema kuna mtu anagonga. Nikamjibu hakuna, nanyi mkacheka kwa sababu mimi nilimdharau. Leo tutanyamaza, na atakayesikia chochote ainue mkono. Hakuna atakayekifunga kimya mpaka kila aliyesikia awe amesema."

Tukanyamaza. Darasa la jirani likatoka, miguu ikapanda ngazi kuelekea vyoo vya juu. Kisha, ngo, ngo. Mikono ikainuka ukumbi mzima. Sikio hakuinua wake. Alikuwa ananitazama mimi tu. Ngo.

Nikasema, "Nimesikia. Tutafute."

Baba Mdogo, laiti ungewaona. Wahandisi wa kesho wametandazwa ukutani, masikio kwenye mbao, wanaambiana "hapa, hapa, hapana, chini kidogo." Wengine wakapanda kufungua na kufunga mabomba ya juu, mmoja akasimama ngazini kupaza ujumbe. Hakuna aliyeutaja mshumaa. Tulifungua mbao tatu kwa bisibisi, tukamulika. Ni bomba la maji, Baba Mdogo. Bomba la zamani, kishikio chake kimeliwa na kutu. Mtu akifunga maji kwa nguvu kule juu, linaruka na kujigonga kwenye tofali. Kimya chetu kiliangukia saa ya watu kwenda vyooni. Hiyo ndiyo siri yote, na nilitaka kucheka, lakini sikuthubutu.

Sikio aliingiza mkono ukutani mpaka kwenye kiwiko, akalishika lile bomba. Akasema, "Mwambieni afunge." Kule juu wakafunga. Hakuna kilicholia. Akabaki vilevile, shavu limegusa mbao. "Linagonga," akasema. "Nalisikia mkononi." Hakuna aliyemharakisha. Wenzake waliokuwa wakimcheka walikaa sakafuni kumzunguka, na yule msichana aliyehama kiti akamshikia mkoba.

Baadaye, tukiwa wawili tu, aliniuliza. Nilijua ataniuliza. "Wangetafuta hivi, wangempata?"

Nikamwambia, "Sijui. Huenda alikuwa dada yako, huenda lilikuwa bomba. Sitakudanganya. Ila ilipaswa watafute."

Alilia kwa sauti, na mimi nililia, na hiyo nayo sikufundishwa kwenye semina. Kesho yake alikwenda ofisini akafuta ombi lake. Kishikio kipya amekifunga mwenyewe. Kabla ya kukaza skrubu ya mwisho aligonga bomba kwa fundo la kidole, viwili vya haraka na kimoja cha kuchelewa. Nilijifanya natafuta kitu mezani.

Bomba sasa limetulia. Nilidhani tutapumua, lakini kimya kilichobaki ni kizito kuliko kelele. Darasa zima linatega, na mimi natega pamoja nao, wala hakuna anayetamani kengele. Sikio ndiye anayeinua mkono kukianza. Kabla ya kuushusha, anazunguka kwanza kwa macho, uso kwa uso, mpaka kwa wale wa dirishani.

Sasa wewe. Ulinifundisha kumjua mtu kwanza, na mwenyewe ukajificha nisikujue. Ulidhani nitakuonaje? Mimi si mhandisi wa kofia nyeupe. Masikio yakikuachia sauti za Baba, mimi sitakuambia hakuna mtu. Akibisha, mfungulie. Nakuja Jumamosi, na kwa kuwa hutanisikia, nitabisha hivyo hivyo. Nitabisha kwa funguo zake. Ninazo mimi.

Mwanao,
Rula

*

29 Aprili

Rula,

Marahaba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nimevunjika kwa kutosikia la mpiga deki. Asante kwa machungwa, na kwa ratiba. Nimeificha.

Kuna jambo nililokuficha Jumamosi, nawe umesema tusifichane tena. Kabla hujafika, nilisikia funguo mlangoni. Nikajiambia ni yule yule, nimpuuze. Kisha nikakumbuka barua yako. Nikajisukuma na hiki kiti cha magurudumu, nikagonga meza, nikagonga kitanda, nikafungua. Hapakuwa na mtu ninayeweza kumwonyesha mtu mwingine. Nikasema, "Karibu, Kaka. Samahani, nimekuacha nje muda mrefu." Sikuufunga mlango.

Ulipokuja ulisimama hapo ukatikisa zile funguo juu ya mlango ulio wazi, ukacheka, ukauliza nani ameuacha hivi. Zako sikuzisikia, mwanangu. Nilikuona tu mkono ukitikisika. Zile za kwanza nilizisikia vizuri.

Msalimie huyo kijana. Mwambie kuna mzee anamwombea, na dada yake pia. Alichouliza nimekifikiria, sina la kuongeza juu ya ulilomjibu. Ulimjibu kama mwalimu.

Mlango bado uko wazi. Mhudumu analalamika mbu wanaingia. Ananiambia kila jioni kabla hajatoka zamu, na mikono anatumia. Kwa bahati nzuri simsikii.

Baba yako mdogo,
mkazi wa chumba cha mwisho